Kuibana Kanda ya Mama Watiri

Mwaka wa 1996 nilikuwa fundi wa sauti katika studio ya Theuri, chumba cha kupanga pale Majengo, Nyeri, kuta zote zimebandikwa trei za mayai. Niseme mapema: nina mdomo, na hasira zangu ziko karibu. Theuri alinivumilia kwa sababu masikio yangu yalikuwa mazuri kuliko yake. Alilijua hilo na hakulisema hata siku moja.

Juni hiyo alikuja Mama Watiri kutoka Othaya, mchuma chai na mwimbaji kiongozi wa kwaya yao. Alikuwa na uvimbe shingoni, na baada ya wiki mbili angepasuliwa. Madaktari walikuwa wamemwambia wazi kwamba huenda sauti isirudi ilivyokuwa.

"Nataka wajukuu waisikie," alituambia. "Na watu wa soko pia. Nisiwekwe kwa kabati."

Ubeti wa kwanza aliuimba chini chini, kama anayemwamsha mtoto bila kutaka kumshtua. Ngoma na besi zikaingia kwenye kiitikio. Nililia, wala sioni aibu kusema.

Shida ilianza tulipochanganya sauti na ala. Theuri alikuwa na kompresa moja, na aliifunga mwisho kabisa, pale sauti zote zinapotoka pamoja kwenda kwenye kanda. Kazi yake ni kushusha panapozidi kelele, ili kanda nzima iweze kupandishwa sauti. Theuri aliibana mpaka sindano ya kipimo chake ikalala. Kila ngoma ilipopigwa, sauti ya Mama Watiri ilizama, ikaibuka, ikazama tena.

"Unamnyonga!" nilifoka. "Mama anaenda kupasuliwa, na wewe unamnyonga kabla ya daktari!"

"Kagure, hii kanda inaenda Kagio. Ati utaambia soko mzima inyamaze?"

"Toa hiyo kitu."

"Nikitoa, haitasikika."

Hakuna aliyelegea. Tukatengeneza kanda mbili, moja imebanwa, nyingine haijaguswa, nami nikazipeleka Kagio siku ya soko kwa Mohamednoor. Huyo alikuwa muuza kanda asiyechukua kitu kabla ya kukijaribu kwenye spika yake ya nje. Watu wakisimama, anachukua. Wasiposimama, unarudi na mzigo wako.

Yangu ilitangulia. Ubeti wa kwanza sikuusikia hata mimi niliyesimama mbele ya spika. Makelele ya wauza nyanya yaliumeza wote. Akaweka ya Theuri. Ubeti ukasikika, wanawake wawili wakageuka. Ngoma zikaingia, mama akazama, nao wakaenda zao.

Mohamednoor akacheka. "Dada, hizi mbili zimekosana kama bwana na bibi. Hakuna mtoto hapo katikati?"

Asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini ilinichoma. Nilirudi Nyeri nimenuna.

"Uko sawa nusu," nikamwambia Theuri.

"Na nusu ingine?"

"Ni yangu."

Ngoma ndizo zilizokuwa zikimzamisha mama. Tukazishusha zenyewe, kwenye meza ya kuchanganyia sauti. Ubeti wa kwanza niliupandisha kwa kidole, taratibu, nikiufuata neno kwa neno hadi kiitikio. Ndipo tukairudisha kompresa pale mwisho, safari hii sindano ikitikisika kidogo tu. Sauti zikashikana, na hakuna aliyezama. Theuri alinitazama, akaenda kuchemsha chai bila kuombwa.

Kule Kagio, kanda mpya ilipopigwa, mwanamke aliyekuwa akipima mchele alisimamisha mkebe wake wa gorogoro hewani mpaka ubeti ukaisha. Mteja wake hakulalamika. Naye alikuwa anasikiliza. Mohamednoor alizichukua kanda zote nilizobeba.

Agosti Mama Watiri alikuja Majengo, kovu likionekana juu ya kola. Sauti yake ilikuwa imebadilika kweli: nzito, yenye mikwaruzo, ikikatika alipojaribu kuipandisha. Nilimwekea kanda, nikaogopa kumtazama usoni. Alisikiliza hadi mwisho, mikono imetulia magotini.

"Huyo mama ameimba vizuri," akasema. "Asanteni kumtunza."

Akavua koti, akasogea kwenye maikrofoni.

"Sasa rekodini na huyu mwingine."