Boksi la Kushoto

Panga liliingia kwanza kwenye boksi la muziki la Zandora, likakwama. Faridi alilichomoa kwa mikono miwili, mguu ameukita kwenye mbao, na aliporusha pigo la pili kaka yangu Mbaraka alikuwa ameshajitupa mbele ya boksi lake akilikinga kwa mkono. Kinga gani hiyo? Damu iliruka ikanichafua kanga hadi kifuani. Na muziki, jamani, muziki ulikuwa bado unapiga.

Watu wa Rumonge, mji wetu wa kando ya ziwa, wakisimulia siku ile husema wanaume wawili walikatana kwa ajili ya spika. Huwa natamani kuwafinya midomo. Hawakukatana. Mmoja alikata, mwingine alikatwa, na kabla ya hapo kuna mtu alipigwa. Mtu huyo ni mimi.

Faridi alikuwa mume wangu. Alikuwa fundi wa maboksi ya muziki, yale ya kukodisha harusini, akiyaunda mwenyewe kwa mbao ngumu na kutandika ndani sponji za magodoro yaliyochakaa. Lakini kusikiliza ilikuwa kazi yangu. Akishafunga boksi jipya nilisimama ng'ambo ya barabara, karibu na wauza mawese, nikimpigia kelele: punguza sponji, ongeza, hapo hapo, usiguse! Nilikuwa na sikio, sijisifu bure. Msumari mmoja ukilegea ndani ya boksi niliujua, na Faridi alikuwa akiwatambia wenzake kwamba mafundi wote wa Bujumbura hawana mke kama wake. Nilimpenda kwa hilo.

Kisha Zandora, chapa ya maboksi ya kiwandani, ikaingia mjini. Nani asiyeijua? Bango lake lipo kila mahali, herufi za fedha na msichana anayecheka. Mbaraka alinunua mawili, naye akaanza kukodisha, na kundi letu la WhatsApp la wapenda muziki likageuka uwanja wa vita. Wengine walisema Zandora ni jina tupu, besi nene ya kuwapumbaza wasiojua kusikiliza, mwimbaji humsikii. Wengine wakajibu kwamba mbao za Faridi zinavuma kama pipa, na kwamba wanaozitetea ni washamba. Mwanzoni tulicheka. Baadaye matusi yakafika kwa mama za watu. Mmoja aling'olewa jino kituo cha basi kwa kusema Zandora ni plastiki, na nyaya za Mbaraka zikakatwa harusini, bibi harusi akiwa mlangoni. Faridi aliapa kwamba si yeye. Nilimwamini, au nilitaka kumwamini.

Cikuru, Mkongomani mpole aliyekuwa akiwafungia wote wawili nyaya, ndiye aliyeleta wazo la kumaliza ubishi. Maboksi yafunikwe vitenge, mtu mmoja ageuzie uso ziwani, asikilize, achague. Mtu gani? Wote wakanitazama mimi. Mke wa huyu, dada wa yule, nani angesema ninapendelea?

Tulikutana Jumapili alasiri kule Gatete, kwenye uwanja wa mashine ya kukamulia mawese. Watu walijaa hadi juu ya marundo ya mikungu ya michikichi. Nikakaa juu ya debe, mgongo kwao, macho majini. Cikuru akapiga wimbo uleule, kwanza kulia, halafu kushoto.

Nilijua tangu sauti ya kwanza. Boksi la kulia nililifahamu kama mtu anavyofahamu kikohozi cha mumewe. Na la kushoto lilikuwa zuri zaidi. Besi ilitulia chini, mwimbaji akasimama juu yake peke yake, hata pumzi zake nikazisikia. Niliumia sana. Ningeweza kudanganya, lakini Faridi mwenyewe ndiye aliyenizoesha kutosema uongo juu ya sauti. Kila nilipomsifia bure alikasirika.

"Mama Nour, sema basi," Faridi akaniita kwa jina la binti yetu. "Iko gani?"

"Ya kushoto."

Cikuru akavuta kitenge, nikageuza shingo. Herufi za fedha zikang'aa, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Faridi hakucheka. Alinifikia kabla sijainuka kwenye debe, na kofi lake, kiganja wazi, likatua kwenye sikio langu la kulia. Nilisikia kitu kikipasuka ndani, kisha mlio mwembamba usiokoma. Nikaanguka chini. Mbaraka akamrukia, akampiga kichwa, akamvunja pua; Faridi akatambaa hadi kwenye mikungu na kuinuka na panga la kukatia michikichi. Yaliyofuata nimeshayasema.

Mkono wa Mbaraka haukukatika, ila vidole vitatu havikunjiki tena. Sikio langu la kulia limekufa.

Baada ya wiki chache tuliitwa kwenye sulhu nyumbani kwa mzee Hamidou, baba mdogo wa Faridi. Wateja wote walikuwa wamemkimbia Faridi.

"Mwanangu," Hamidou akaniambia kwa upole, "mambo iko rahisi. Sema tu mbele ya watu kwamba ile siku sikio ilikudanganya. Faridi atapata kazi yake, weye utarudi kwa nyumba yako, na Mbaraka ataondoa mashitaka yake kwa polisi."

Nikamtazama Mbaraka, nikingoja angalau yeye akasirike. Alikuwa akijikuna pembeni ya bendeji.

"Dada, sema tu," akasema. "Yaishe."

Hilo liliniuma kuliko kofi. Kofi lenyewe hakuna aliyelitaja. Sikio langu walilikumbuka kwa jambo moja tu, lilaumiwe.

Nikasimama. "Ile siku nilikuwa na masikio mbili, yote mazima. Nilisikia ya kushoto iko muzuri zaidi. Leo nimebaki na moja, na bado nasema ya kushoto."

Wanawake wakaguna. Nikamshika Nour mkono, nikaelekea mlangoni. Faridi alikuwa amekaa hapo hapo karibu na mlango, upande wangu wa kulia, pua imepinda, macho yamejaa maji. Nikaona midomo yake ikisogea. Alisema maneno machache yasiyonifikia. Huenda aliomba radhi, huenda alinitaliki. Chumba kizima kilingoja jibu langu.

Nikavaa viatu, nikatoka.