Viuno kwa Kiitaliano

Darasa la Kiitaliano la mwaka wa pili lilikuwa na nafasi kumi, na walioomba walikuwa kumi na wanne. Mwalimu akaamua kumwita kila mmoja ofisini kwake, aeleze kwa nini anataka kuendelea.

Binti mmoja aliyesomea ufamasia chuoni hapo, ambaye wenzake walimwita Kimya, hakuwa na sababu ya maana. Alikipenda tu Kiitaliano. Lakini kupenda tu, aliona, si jibu la kumpelekea mtu mzima. Akaazima sababu kwa rafiki yake: anataka kazi ubalozini. Akaikariri mpaka ikalainika mdomoni.

"Ubalozini?" Shangazi yake, fundi cherehani aliyeishi naye, alicheka mpaka pini zikamponyoka. "Wewe unayeona haya hata kudai chenji dukani? Haya, balozi wangu, shika futi kamba. Mteja anangoja."

Siku ilipofika, mwalimu alimsikiliza hadi mwisho.

"Wewe ni wa nane kwenda ubalozini leo," alisema. "Sijui mtakaa wapi wote. Hebu niambie, nje ya darasa unakitumia wapi?"

Yote aliyoyakariri yakayeyuka. Kimya akatazama viatu vyake.

"Kwa shangazi yangu, kwenye ushonaji."

"Kuna Waitaliano huko?"

"Hapana, mwalimu. Kuna viuno."

Mwalimu akaweka kalamu chini.

Maji yalikwisha kumwagika, basi Kimya akaeleza. Kazi yake ilikuwa kupima na kutaja vipimo kwa sauti, shangazi aandike. Wateja wanene waliona aibu kutangaziwa viuno mbele za watu, wakavuta matumbo ndani, kisha nguo zikawabana na lawama zikamwangukia fundi. Ndipo alipoanza kutaja namba kwa Kiitaliano. Shangazi alinuna wiki nzima, halafu akazishika zote. Sasa kiuno cha inchi arobaini na nne kilitajwa kama wimbo, na mwenye nacho akatabasamu, akidhani anasifiwa.

"Juzi shangazi aliniuliza, 'Pumua, mama, usijibane,' wanasemaje huko kwao. Sikujua! Nimehangaika na kamusi mpaka nikapata, na nilifurahi kama nimepewa zawadi. Namba tumezimaliza, mwalimu, na shangazi yangu ana maneno mengi."

Kimya akashangaa kwamba sauti iliyojaa ofisini ilikuwa yake.

Mwalimu alikuwa akifuta machozi ya kicheko. "Na ubalozi je?"

"Ule ni wa kuazima."

"Basi nimeufuta. Hapa kwenye sababu niandike nini?"

"Andika ninakipenda."

Mwalimu akaandika hivyo hivyo, kisha akavuta orodha ya watakaoendelea na kuliongeza jina lake.

Kimya alifika katikati ya ngazi ndipo akakumbuka kwamba hakuaga. Akarudi mbio, akachungulia mlangoni, akaaga kwa lugha zote mbili.