Wanafunzi Waliokimbia Mkono wa Shati

"Nilikwambia uifute hiyo video!"

"Dada, sikiliza kwanza—"

"Nisikilize nini? Watu wananiona nimejaza pini mdomoni, nafumua mkono wa shati huku natukana—"

"Hukutukana sana."

"Profesa, usinichezee!"

Dada akiniita Profesa, ujue kachafukwa. Chuo niliacha mwaka wa mwisho, na hilo jina analiweka akiba kwa siku kama hizi. Yeye ni fundi cherehani, anafundisha kushona shati mtandaoni, masomo sita ya video. Mpiga picha ni mimi. Simu tunaiegemeza kwenye vitabu vyangu vya chuo, ambavyo hatimaye vimepata kazi.

Shida yetu: wanafunzi walikuwa wanajiandikisha kwa fujo, halafu wanayeyuka. Wenye jukwaa walishasema, nusu yao wasipofika somo la mwisho, kozi inaondolewa. Na Dada alishapunguza wateja dukani kwa ajili ya kozi hiyo.

Sasa mimi kitu nisichokielewa kinaniwasha. Nikaikalia ile grafu inayoonyesha watu wanaacha kutazama wapi. Nilidhani wanaondoka ovyo, kila mtu na shughuli zake. Wapi! Walikuwa wanatoka pamoja kama waliopigiwa kengele, palepale kwenye somo la nne, mkono wa shati. Nikarudia kutazama. Dada anaushika mkono, anauzungusha kwapani, mashine inalia trrr, anasema, "Hivi tu."

Akishasema hivyo, watu hao!

Nikajaribu mwenyewe kwa kitambaa chakavu. Hiyo "hivi tu" yake ikanitolea soksi ya tembo. Nikajiuliza, je, wakimwona na yeye amekwama? Nikamshawishi turekodi upya somo la nne, na pale alipokwama nikaparusha mtandaoni bila kufuta.

"Na ile mikono uliibadilisha wewe," Dada akaendelea. "Tuliporekodi upya. Nilipokwenda kuchukua pasi, ukaweka wa kulia kushoto."

"Mimi? Si nilikuwa nimeshika simu?"

"Kwa mkono mmoja!"

Nikamsogezea grafu. Mstari uliokuwa ukiporomoka somo la nne sasa ulinyooka hadi mwisho wa video. Chini yake watu walikuwa wanaandika. "Kumbe na mwalimu hufumua!" Mwingine alituma picha ya shati alilokuwa amelitupa chini ya kitanda, sasa lina mkono mmoja.

Dada akasoma yote, taratibu. Akavua miwani.

"Lakini mimi sikukosea. Wamebaki kwa sababu ya utundu wako. Leo nitawaambia."

"Dada, watasusa! Kozi itakufa!"

"Basi ife ikiwa safi."

Mchana ule tulikuwa na kipindi cha moja kwa moja. Nikakaa nyuma ya simu, roho juu. Dada akawaambia kila kitu: mikono ilibadilishwa makusudi, aliyefanya hivyo ni mdogo wake, na yeye anaomba radhi. Nyuso kwenye kioo zikatulia. Mmoja akazima kamera. Wa pili naye akazima. Mimi huku, kwa woga, nikapatwa na kicheko kile cha msibani, nikajiziba mdomo kwa kitambaa.

Mara ikasikika sauti ambayo hatujawahi kuisikia. Ni yule mama tuliyembatiza Kimya, kwa sababu tangu kipindi cha kwanza hakuwahi kusema neno.

"Mwalimu, samahani. Huyo anayecheka hapo nyuma, anajua kushona?"

Dada akanigeukia, akanitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Huyu? Hata kifungo hajui."

"Ala!" Kimya akasogea karibu na kamera yake, na mmoja wa wale waliokuwa wamezima akawasha tena. "Basi tunaomba somo linalofuata yeye ndiye akae kwenye cherehani, wewe umwelekeze, sisi tushone naye. Ila mwalimu, mfungie mlango. Asitoke mpaka shati liishe."