Safu Hamsini na Tisa

Usiku wa jana niliota niko uwanja wa paredi shuleni, nimeshika kalamu yangu nyekundu, na namba 30,031 imekaa kwenye kiti cha mkuu wa shule. Miguu yake haikufika chini. Nikaisalimia, maana tunajuana.

Mchana wake nilikuwa nimesahihisha mtihani wa kuchagua wanafunzi wa mashindano ya hesabu ya mkoa. Swali la mwisho liliuliza kama 30,031 ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Mimi niliijaribu kwa mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu. Kila mara ikabaki moja. Kengele ya chai ikalia, na chapati ya baridi mimi siiwezi, basi nikaamua ni tasa. Nakijwa wa kidato cha pili alijibu kwamba inagawanyika kwa 59. Nikampa kosa, na kwa alama hiyo moja jina lake likatoka kwenye orodha.

"Tupange," namba inasema. "Anayebaki anatoka getini."

Wamesimama wanafunzi elfu thelathini na thelathini na mmoja, wote wamenipa mgongo. Nawapanga safu mbili. Anabaki mmoja, anageuka. Ni Nakijwa. Anarudi nyuma hatua moja. Safu tatu, anabaki yeye. Tano, yeye. Saba, yeye tena. Nje ya geti hakuna barabara, ni karatasi nyeupe tu, haina hata mstari. Nilipofika kumi na tatu, kisigino chake kilikuwa kimeshaikanyaga.

Kalamu inanikumbusha chai inapoa. "Wewe huwa unaishia hapa," inasema. Ni kweli jamani, huwa naishia hapo. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Mwalimu," Nakijwa anasema taratibu, "hukujaribu hamsini na tisa."

Nikaivua kalamu mfuniko, nikampa Nakijwa mfuniko huo, nikamwambia anishikie, asiende popote mpaka nimalize. Kisha nikaamuru safu hamsini na tisa. Miguu yote ikasogea kwa pamoja na vumbi halikutimka. Kila safu, watu mia tano na tisa.

"Nani amebaki?" namba inauliza.

Getini hapana mtu. Migongo yote inafanana, sijui kama ameingia safuni au ametoka. Naita jina lake. Hageuki hata mmoja.

Niliamka nimeloa jasho. Kabla hata ya kunawa uso nikazidisha 59 kwa 509 nyuma ya karatasi ya mtihani. Ikaja 30,031. Nikaandika jina la Nakijwa juu kabisa ya orodha. Kalamu ilikuwa inakwaruza, wino umekauka, kwa sababu haikuwa na mfuniko. Niliutafuta mpaka chini ya godoro.

Leo asubuhi nimewakuta wanafunzi paredi, wamenipa mgongo, wanatazama bendera. Mmoja akageuka.

"Shikamoo, Mwalimu," Nakijwa akasema, akafungua kiganja. Mfuniko ulikuwa umo. "Nilidhani hutamaliza."