Tofali la Pili

Vumbi la Butembo ni jekundu na halina adabu. Linaingia machoni, linaingia kwenye ugali, linaingia katikati ya kurasa za kitabu cha nyimbo. Na Jumapili hii ya kiangazi, mwaka wa elfu mbili, limemkaa Kavira usoni kama poda ya bibi harusi. Anapanda kilima. Kichwani ana matofali mawili: moja lake, moja la Josaphat.

Ndiyo desturi ya kanisa lao. Gari halifiki kule juu; basi kila anayekwenda kusali hupitia kwanza kwenye tanuru pale chini, kando ya barabara ya Beni, huchukua tofali moja, hupanda nalo. Ukuta unakua kwa shingo za watu. Polepole, lakini jamani, unakua!

Josaphat ni mumewe. Miezi saba iliyopita aliaga asubuhi, akasukuma baiskeli yenye viazi vya Lubero kwenda sokoni Beu, kule Beni. Jioni ile ile vita vikaikata barabara. Baiskeli ilionekana imelala mtaroni, mwenyewe hakuonekana. Tangu hapo ndugu wanataka kukaa matanga, na Kavira anakataa, na kila Jumapili anabeba mawili. Moja lake, moja la Josaphat. Akiliacha hilo la pili siku moja tu, atakuwa amemzika.

Leo shemasi Vagheni anamsimamisha njiani. Si mtu mbaya, Vagheni. Ila tangu mwaka uanze anachambua ishara za kiyama kama mtu anayechambua maharagwe, na ameacha kubeba. Mikono yake mitupu.

"Dada Kavira, tuko mu siku za mwisho. Bunduki kila fasi, batu banakufa, Bwana iko ku mulango. Donc, tunajengea nani? Na Josaphat... tuseme kweli. Weka ile ya pili chini, ulie, upumuzike."

Shingo inamuuma. Na moyo, tusifiche, moyo nao unatamani kutua mzigo.

"Shemasi, Bwana akikuya leo, anikute na tofali ku kichwa. Nitamuambia: karibu, fasi yako tulikuwa tunaitengeneza. Lakini ya Josaphat, hapana naweka chini. Hapana!"

Anapanda. Machozi na vumbi vinakuwa udongo shavuni; anapanda. Kule juu kwaya imeanza, ngoma imeshika moto, anapanda!

Ndipo kelele zinapotokea chini. Vumbi limeinuka pale kwenye tanuru, vumbi kubwa, na watu wanakimbia. Kwaya inakatika. Akina mama wanadaka watoto wao, kwa maana vumbi la namna hiyo wanalijua, ni la malori ya askari. "Ni mwisho!" anapiga kelele Vagheni. Kavira hakimbii. Angekimbiaje, na shingo imebeba watu wawili?

Lakini hao wanaokimbia, mbona wanakimbilia huku juu? Mbona wanapiga vigelegele? Katikati ya vumbi anatokea mtu mwembamba, anachechemea, mguu umefungwa kitambaa. Bega la kulia, tofali. Bega la kushoto, tofali. Miezi saba alikwama Beni; barabara ilifunguka juzi, naye ametembea siku mbili. Hajafika nyumbani, hajanywa hata maji. Ni Jumapili, amepitia kwenye tanuru.

Josaphat anamwona mkewe. Anachechemea hadi mbele yake.

"Kule Beni," anasema, "balisema kartie yetu, mutaa muzima, iliungua. Balisema hapana mutu alibakia." Anainamisha kichwa kuelekea bega la kushoto. "Hii ni yako."

Moja lake, moja la Kavira.

"Wasingya, Mungu! Wasingya!" Kavira anashukuru kwa Kinande cha mama yake, analia, anacheka, na furaha inamtoka hadi vidoleni. Vagheni ananyoosha mikono yake mitupu, analipokea tofali la pili kutoka kichwani mwa Kavira, lile lile alilotaka liwekwe chini, na kuliweka kichwani mwake mwenyewe.

Wanapanda. Nyuma yao vumbi jekundu la Butembo linainuka kwa miguu inayocheza, linaingia machoni, linaingia kwenye midomo inayoimba, na leo hakuna anayejipangusa.