Kona ya Kushoto

Mimi ndiye ninayefua jezi na kupiga deki kwenye ukumbi wa mazoezi wa timu yetu ya mpira wa kikapu hapa Pasig. Asubuhi ile nilimfungulia mlango Arvin, mpanga mchezo wetu. Alikuwa amevaa shati jeusi.

"Umetoka wapi, kaka?"

"Kwenye mkesha wa Jepoy."

"Umepita mahali?"

"Nimechelewa, dada. Nimekuja moja kwa moja."

Jepoy, mchezaji mwenzake, alikuwa bado hajazikwa. Kwetu ukitoka msibani unapita kwanza mahali, unakula kitu, ili marehemu abaki hukohuko ulikokula, asikufuate. Nilipaswa kumzuia. Niliona haya, nikampisha.

Kocha wetu, Dimaano, alikuwa amekuja kumpima. Akimkubali, Arvin anapata mkataba wa miaka miwili. Akimkataa, anarudi kwao Samar kupanda minazi. Arvin alitupa mipira ishirini na tano ya pointi tatu, ikaingia ishirini na tatu. Kutoka kona ya kushoto hakukosa hata mmoja.

"We mtoto umekula nini?" Kocha akacheka. "Kona hiyo alikuwa anaiweza Jepoy tu."

Kisha yeye na wenzake wakaanza kukabana. Kila mara Arvin alimwacha mtu wake, akakimbilia kona ile, akainua mkono mbele ya hewa tupu.

"Unamkaba nani huko? Mbu?"

Wenzake wakaangua kicheko. Arvin hakucheka. "Nikimwacha hapa atafunga, kocha."

"Nani?"

Akaikimbilia tena kona ile, mkono juu. Nilipokwenda kupangusa jasho pale konani, nikakuta nyayo mbichi za watu wawili. Nikaliacha tambara palepale. Sikuwa nimewahi kusema mbele ya timu, lakini nikasema, "Kocha, mruhusu akale uji wa kuku kwenye kibanda cha Aling Puring hapo ng'ambo ya barabara. Ametoka msibani, hajapita popote."

Kicheko kikakatika. Kocha akafanya ishara ya msalaba. "Dakika kumi."

Arvin alirudi midomo ikimng'aa mafuta ya kuku, akakaba mpaka wenzake wakamtukana. Hakupitwa hata mara moja. Kocha akampa tena mipira ishirini na tano. Ikaingia sita. Akarudia. Saba.

"Kukaba nitakufundisha," Kocha akasema, akifunga daftari. "Mkono haufundishwi. Ule wa asubuhi uko wapi?"

Arvin akaniangalia, kisha akatazama kibanda cha uji kule ng'ambo.

"Kaka, usiende."

"Mama yangu ananitegemea mimi tu, dada."

Akavuka barabara. Kutoka mlangoni nilimwona amesimama kando ya meza alipokuwa amekula, akiongea na kiti kitupu, kichwa kakiinamisha kama mtu anayeomba radhi. Akakivuta kile kiti nyuma taratibu, kama unavyomvutia mgonjwa anayetaka kuinuka. Kisha akarudi polepole, akiacha nafasi ubavuni mwake.

Nikafungua ubao wa pili wa mlango, wasibanane.