Kengele za Tonton Pedali

Skurubu ya kengele ilikuwa imeshika kutu, na Faustin aliizungusha kwa ncha ya kisu huku jasho likimwingia machoni. Nyuma ya ukumbi wa parokia, pale Kabondo, wanaume wengine walikuwa wamechuchumaa, kila mmoja mbele ya toleka yake, baiskeli ya kubeba abiria, wakifanya kazi ileile. Mpita njia angedhani wanaiba baiskeli zao wenyewe.

"Ukilazimisha vile utavunja na guidon," Rolly alisema, akiugusa usukani. "Lete, mukubwa."

"Acha. Niko nayo mbele wewe uzaliwe."

Kengele ikatoka. Faustin aliifuta kwa shati, akaijaribu mara moja kwa kidole gumba, akaitia mfukoni.

Mpango ulikuwa wake. Hakuna aliyemtuma.

Filamu za Tonton Pedali zilitengenezwa hapahapa Kisangani baada ya vita, kwa kamera ya kuazima. Tonton Pedali alikuwa mtu wa toleka asiye na breki. Alisimamisha baiskeli kwa soli ya kiatu, na abiria akipanda na matatizo yake, alishuka ameyapunguza. Aliyemwigiza aliitwa Évariste. Watu waliziangalia filamu zile mpaka CD zikakwaruzika. Faustin aliyajua maneno yote. Hata pikipiki zilipojaa mjini na toleka zikaanza kukosa watu, yeye hakukosa, kwa sababu akiwa anapanda mlima aliongea kwa ile sauti ya puani ya Évariste, na abiria wake walifika wanacheka. Évariste alipokufa, watu wa toleka walimsindikiza makaburini huku kengele zikilia njia nzima, kama wanavyofanya kwa mwenzao. Faustin ndiye alikuwa mbele.

Halafu zikabandikwa ukutani picha za filamu mpya. Msichana anaitwa Joëlle, amevaa suruali, mguu mmoja juu ya pedali. Juu yake pameandikwa: Tantine Pedali, shangazi mahali pa mjomba.

Kituo kizima cha toleka kilichafuka. Sauti za hasira zilitembea kutoka simu hadi simu.

"Mwanamuke atabeba nani? Abebe kikapo yake."

"Bapatie film yabo jina ingine. Hapa banauzisha mufu."

"Mi nitapanda yake," alisema Sandrine, muuza mikate ya mafuta hapo kituoni. "Labda yeye iko na breki."

Wanaume walicheka. Faustin hakucheka. Alingoja wanyamaze, kisha akasema kwamba siku ya kuonyesha, msichana huyo akitokea tu, watapiga kengele zote kwa pamoja, na hawataacha mpaka filamu izimwe. Évariste hana mdomo tena. Wao ndio mdomo wake.

Ndiyo maana Jumapili hiyo, baada ya misa ya mwisho, waliingia ukumbini mifuko yao ikiwa imevimba, wakakaa safu za nyuma.

Mbele alikaa mama Marthe, mjane wa Évariste, amevaa liputa, kitenge kipya ambacho bado kilikuwa na mikunjo ya dukani. Faustin hakutegemea kumwona. Alifurahi. Alifikiri: vizuri, ataona kwamba mume wake ana watu. Akamsalimu kwa kichwa kutoka mbali, na mama Marthe akatabasamu.

Lionel, kijana aliyetengeneza filamu, alisema maneno machache ya kukaribisha, madirisha yakafunikwa kwa mapazia, picha ikaanza. Asubuhi, ukungu, barabara ya kwenda daraja la mto Tshopo. Toleka imeegemezwa kwenye mti, haina mwenyewe. Joëlle anakuja kwa miguu. Anaigusa ile baiskeli kama mtu anavyogusa paji la mgonjwa.

Faustin akainua mkono.

Kengele zikalia. Katika ukumbi ule wa mabati sauti ilikuwa kama mvua ya mawe. Wanawake waliziba masikio. Kwenye kitambaa cheupe Joëlle aliingiza vidole ndani ya mto wa kukalia abiria, akatoa kaseti, akaitia kwenye redio ndogo, akaketi chini kusikiliza. Lionel alikuwa akipunga mikono yote miwili, mdomo wake unafunguka na kufungika. Walidhani anawaomba huruma, wakazidisha. Rolly alipiga huku akicheza mabega.

Hapo Faustin akamwona mama Marthe. Alikuwa ameondoka kwenye kiti chake na kwenda pembeni, kwenye spika. Alipiga magoti, akashika spika kwa mikono yote miwili, akaweka sikio juu ya wavu wake.

Kidole cha Faustin kikasimama. Waliokuwa karibu naye wakaacha, kisha wa nyuma yao, mpaka ikabaki kengele moja tu mlangoni, na mwenyewe akaishtukia. Kwenye picha, Joëlle alikuwa amekwisha kuitoa kaseti. Alikuwa analia.

Lionel akasimamisha filamu.

"Ile ilikuwa sauti ya papa Évariste," alisema. Hakupaza sauti. "Alirekodi akiwa kwenye kitanda ya ugonjwa. Ni yeye alisema toleka apewe mutoto mwanamuke. Nilimupelekea mama Marthe kaseti kwake, akakatalia kusikiliza peke yake. Alisema atasikiliza siku moja na batu bake."

Watu wake. Mtu alikohoa. Rolly alikuwa anaangalia sakafu kana kwamba ameangusha kitu.

"Mama, tuanzie tena," Lionel alisema. "Bon, tuanze mwanzo."

"Leo hapana, mwanangu." Mama Marthe alijifuta magoti, akafunga liputa upya, akapita katikati ya ukumbi. Hakumtazama mtu vibaya. Angewatazama hivyo, ingekuwa nafuu.

Faustin alimfuata nje bila kujua anamfuata kwa nini. Mama Marthe alikuwa amesimama kwenye zile baiskeli zisizo na kengele, akiziangalia moja baada ya nyingine. Akachagua ya Faustin na kuketi juu ya mto wake, miguu upande mmoja.

"Unipeleke Tshopo."

"Mama Marthe, mi nili..."

"Unipeleke, Faustin."

Faustin akapanda. Watu walikuwa wengi barabarani, nao hawakusikia toleka ikija. Ilimbidi aite kwa mdomo. "Pisha. Pisheni." Sauti ilitoka ndogo. Kila alipokanyaga pedali, kengele mfukoni ilitikisika na kutoa mlio, mfupi, kama wa mtu anayemcheka.

Walikwenda hivyo mpaka karibu na mteremko.

"Wewe unajuaka maneno yake yote," mama Marthe alisema hatimaye, nyuma ya mgongo wake. "Kila mutu iko nasema hivyo. Alisema nini?"

Faustin alifungua mdomo. Aliyatafuta yale maneno kwa ile sauti ya puani, na hayakuwepo.

Barabara ilianza kuteremka kuelekea mtoni. Kengele ikalia tena. Aliachia usukani kwa mkono wa breki, akaikamata ndani ya mfuko, akaibana kwa nguvu mpaka ikanyamaza. Baiskeli ikazidi mwendo. Faustin akashusha mguu, na soli ya kiatu chake ikaanza kusugua barabara, polepole, njia yote ya kushuka.